Vifaranga Hutaka Joto, Kisha Hutaka Nafasi

Katika nyumba zetu kuku hasahauliki. Tangu Kasongo hata Kabambare, mgeni akifika ni kuku. Mtoto akiugua ni kuku wa kuuza ili apate dawa. Posa ikiletwa, kuku hukosi kumwona. Vita vya mwaka 1998 hata 2003 vilifagia vibanda vingi. Watu waliorudi kutoka porini walianza tena na jike mmoja, mara nyingi wa kuazima, wakagawana vifaranga na mwenye kuku wake. Kwa hiyo mtu asicheke akisikia kwamba walimu wazima wamekesha usiku kwa ajili ya vifaranga.

Sisi tuliingia katika kazi hii kwa sababu ya wasichana watatu. Wote ni yatima, na walikuwa karibu kuingia darasa la mwisho. Ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2019, lakini ya sekondari haikuondolewa, na gharama za mtihani wa Serikali ziliwashinda walezi wao. Tulipowaita wazazi kushauriana, jibu lao lilikuwa fupi: fedha hatuna, mayai tunayo. Basi jamaa tano zikatoa kila moja kuku jike aliyetaka kuatamia, tukawalaza wote siku moja, kila mmoja juu ya mayai kumi na manne. Siku ya ishirini na moja, mwisho wa mwezi wa Mei, tukapata vifaranga sitini. Majike wakarudishwa kwa wenyewe wapate kutaga tena upesi, na sisi tukabaki na watoto wasio na mama.

Hapo ndipo mtu atambuapo kazi afanyayo kuku jike pasipo kusifiwa. Kifaranga aliyetoka yaini ana manyoya laini tu, yasiyoweza kuzuia joto kama manyoya ya kweli. Mwili wake haujui bado kujipasha moto. Chakula si shida ya kwanza, kwa maana kiini cha yai kimeingia tumboni mwake nacho humtunza siku mbili au tatu. Shida ya kwanza ni baridi. Juma la kwanza yafaa mahali alalapo pawe na joto la digrii 32 hata 35. Kisha kila juma lipunguzwe digrii tatu hivi, mpaka juma la tano au la sita, manyoya yakiwa yameota, aweze kustahimili hewa ya kawaida. Na usiku wa kiangazi huku kwetu si wa mchezo: mwezi wa Juni wazee huota moto tangu magharibi.

Kipimajoto hatukuwa nacho, wala hakihitajiwi sana. Vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakirundikana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakilikimbia joto, wakapanua mabawa na kutweta midomo wazi, wameungua. Wakikaa wote upande mmoja, tafuta upepo unaingilia wapi. Wakitawanyika huku na huku, hawa wakila, hawa wamelala kifudifudi kama walevi, basi nawe nenda ukalale.

Malezi yao tulimkabidhi mama mzee mmoja jirani ya shule, mjane aliyefuga kuku tangu utoto wake. Wanafunzi walimsaidia kwa zamu. Nyumba yao ilikuwa chumba cha ghala, na ndani yake tulisimamisha mikeka miwili iliyounganishwa kuwa duara. Duara, si sanduku, kwa sababu vifaranga wakishikwa na baridi hukimbilia pembeni, hupandana, na wa chini hufa kwa kukosa pumzi. Chini tulimwaga makapi ya mpunga, unene wa vidole vinne. Twashukuru kwamba mpunga ni zao letu na makapi hayauzwi. Katikati palikaa chungu kikuukuu chenye matundu, ndani yake makaa yaliyofunikwa majivu. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo vifaranga na watu pia, kwa hiyo yalikolezwa kwanza nje, na matundu ya juu chini ya paa hayakuzibwa hata siku moja. Usiku wa manane mama mzee alipenda zaidi bidoni ya maji ya moto iliyofungwa kipande cha kitenge. Asubuhi alifagia majivu na kuyamwaga kuizunguka nyumba, ili kuzuia siafu. Hata hivyo siafu walipita usiku mmoja wakatuulia wawili.

Juma la kwanza likapita vema. Watatu tu walikufa, wale waliototolewa dhaifu. Katika juma la pili likazuka neno ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Vifaranga walikuwa wamekua maradufu, nayo mikeka ilikuwa ile ile. Asubuhi, mlango ulipofunguliwa, harufu ya mavi iliuma macho. Makapi yalikuwa yamelowa, na vifaranga wawili walikuwa wamedonolewa mkiani hata damu. Tukamwambia mama mzee kwamba duara yapasa kupanuliwa. Akakataa.

“Mwalimu, mwanangu,” akasema, “wewe umesoma vitabu, lakini kuku hasomi. Umemwona wapi kuku jike awatandaze watoto wake? Huwabana. Kubanana ndilo joto lao. Ukiwapanulia nyumba kiangazi hiki, nitakuitia wanafunzi waje kuzika.”

Neno lake halikuwa la upuzi. Bwana Yesu mwenyewe, katika Injili ya Matayo, alipotaka kuonyesha alivyowapenda watu wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa. Tena kulikuwa na habari mpya iliyomtia hofu: mtu mmoja wa upande wa Kabambare alikuwa ameagiza vifaranga mia wa kuku wa kizungu. Muuzaji aliwapakia katika maboksi, wakakaa njiani siku nyingi, wakafika wamechoka na wenye kiu. Usiku ule ule wakawekwa katika chumba kikubwa kitupu, pasipo moto. Kulipopambazuka, zaidi ya thelathini walikuwa rundo moja pembeni, wamekufa.

“Waona nafasi?” mama mzee akatuuliza.

Tukamjibu kwa adabu kwamba wale hawakuuawa na nafasi, bali na baridi. Wangepewa moto katikati, wasingekimbilia pembe. Kuku jike huwabana watoto, ni kweli, lakini huwabana walalapo tu. Akisha kuwapasha moto husimama, nao hutoka, huchakura, hurudi wakijisikia baridi. Kifaranga ana chumba cha kulala na uwanja wa kutembea, naye huchagua mwenyewe. Hivyo kulinda joto ni kazi moja, na kutoa nafasi ni kazi nyingine. Kila juma la kwanza hupungua na la pili huongezeka. Watu wengi hufanya kinyume: huwaacha wachanga na baridi kwa kuwa ni wengi, kisha huwafungia wakubwa katika tenga dogo kwa kuogopa mwewe. Makapi yaliyolowa huzaa ugonjwa wa kuhara damu, na huo huvunja kibanda kizima katika siku chache.

Mama mzee hakushindwa kwa maneno yetu. Alishindwa na hesabu, tena hesabu ya watoto. Tulipeleka darasa la sita ghalani na kamba. Duara ilikuwa na upana wa mita 1.20. Wakazidisha sitini kwa sitini kwa 3.14, wakapata eneo la mita mraba 1.13. Vifaranga wapata hamsini kwa mita mraba moja: kwa juma la kwanza yakubalika, lakini wakitimiza majuma manne wasizidi ishirini hivi, na majuma manane kumi tu. Ndipo tukawauliza: tukiongeza mikeka miwili mingine, duara iwe na upana wa mita 2.40, nafasi itaongezeka mara ngapi? Wote wakaitika, mara mbili! Wakapiga hesabu, wakaona mita mraba 4.52, yaani mara nne. Wakakataa kuamini, wakapima tena. Mama mzee alikuwa mlangoni akisikiliza. “Mikeka miwili tu?” akauliza. “Basi mikeka nitasuka mimi. Lakini chungu hakiondoki.”

Na chungu hakikuondoka. Kilikaa katikati ya duara kubwa, juu yake ungo uliofunikwa gunia, mfano wa bawa, na vifaranga waliingia na kutoka. Usiku wa kwanza mama mzee hakulala, wala sisi. Wote walikuwa hai asubuhi. Baada ya siku nne harufu ilikwisha. Katika juma la tano makaa yaliwashwa usiku tu. Katika la saba hayakuwashwa tena, nao wakaanza kutoka uani mchana, wakila mchwa ambao wanafunzi waliwachimbulia katika vichuguu. Mwewe alichukua wanne, jambo ambalo hesabu haisaidii. Chanjo ya kideri walipata mapema, maana ugonjwa huo hauna dawa.

Hamsini na mmoja walifika Noeli. Tuliuza arobaini, hasa majogoo, wakati ambao kila nyumba hutafuta kitoweo. Wasichana wawili wamelipiwa yote. Wa tatu amelipiwa nusu. Matembe kumi na mmoja waliobaki wameanza kutaga, na wazazi wamekubaliana kwamba mayai yao yasiliwe mpaka Pasaka ipite. Mama mzee sasa anasuka mikeka ya tano na ya sita, akimtuma msichana yule wa tatu kumletea ukindu.