Mpe Mwanafunzi Kazi Inayosubiriwa

Kila mwaka ifikapo Julai, vyuo vikiwa vimefunga, Ifakara hupokea wageni vijana. Wanashuka stendi na begi mgongoni na bahasha yenye barua ya chuo. Wengine wametoka Sokoine pale Morogoro, wengine Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, na wengine wanasoma hapahapa mjini katika chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransis. Wamekuja fildi. Mimi ni mtaalamu wa wadudu waenezao magonjwa, kazi yangu ni mbu, na kwa miaka mingi nimekuwa mmoja wa wanaokabidhiwa vijana hao, mtaalamu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, niwalee kikazi mpaka warudi chuoni. Naandika kwa sababu nimeona kinachoyafanya malezi haya yazae, na nimeona pia kinachoyafanya yapite bure.

Kinachoyapitisha bure ni kazi isiyo na mwenyewe. Nimezungumza na vijana wengi waliowahi kufanya fildi katika ofisi mbalimbali nchini, na simulizi zao zinafanana. Mwanafunzi anaonyeshwa kiti, anatumwa kutoa kopi, anapanga mafaili, Ijumaa anasainiwa logibuku. Wiki nane zinakwisha. Hakuna aliyemdharau, na pengine chai ya saa nne alikuwa akilipiwa. Lakini katika jengo zima hapakuwa na mtu aliyekuwa akingoja kitu kutoka mikononi mwake, na kijana hulitambua hilo mapema sana.

Siku hizi makampuni na mabenki nayo yanaanzisha programu za kuwaunganisha wafanyakazi wao na wanafunzi wa vyuo vikuu. Wanakutana mara kwa mara, wanazungumzia malengo, namna ya kuandika wasifu, namna ya kujibu maswali ya usaili. Naziunga mkono, hasa kwa kijana ambaye kwao hakuna aliyewahi kuajiriwa. Hata hivyo ushauri wa mezani una mwisho wake. Mtu huijua kazi pale anapodaiwa: kuna kitu lazima akilete, kina tarehe, na yupo anayekisubiri.

Bonde letu la Kilombero lina historia ndefu ya kuwapa vijana kazi za namna hiyo. Maabara ya kwanza ya utafiti hapa Ifakara ilianzishwa mwaka 1957 na Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa tayari na kituo cha kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini. Utafiti na mafunzo vimekua pamoja tangu hapo, hadi maabara ile ikawa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Mwaka 1996 ulianza ufuatiliaji wa kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi minne watu walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wakauliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Mwaka uliofuata vikaanza kuuzwa vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Dunia nzima iliisoma takwimu hiyo. Mwanafunzi akifika kwangu namwambia iliwezekana kwa sababu kila aliyebeba daftari alijua eneo lake, na alijua yuko mtu atakayeyajumlisha aliyoyaandika.

Kwa hiyo kabla kijana hajafika, mimi hutafuta swali ambalo kweli tunalihitaji, na ambalo msimu unaruhusu kulijibu. Kalenda ya vyuo na kalenda ya mbu zinakutana vizuri. Kuanzia Julai hadi Septemba huku ni kiangazi. Mpunga umevunwa, majaruba yamekauka, watu waliokuwa wakilala mashambani wamerudi vijijini. Mbu wa jamii ya gambiae wanaopenda vidimbwi vya mvua wanapungua. Anayebaki ni funestus, kwa sababu yeye huzaliana kwenye maji yasiyokauka: chemchemi, mabwawa yenye majani, vijito vinavyokwenda polepole. Na huyu ndiye mwenye madhara zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika vijiji vya bonde hili funestus ndiye aliyekuwa akileta zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria, ingawa kwa idadi wenzake walimzidi. Basi mwanafunzi wa Julai anakuja wakati ambapo maji ya kudumu yanaonekana waziwazi. Anapewa kijiji kimoja. Kazi yake ni kuyatafuta maji yote yaliyobaki, kuyachota kwa dipa, ule upawa mweupe wenye mpini mrefu, kuhesabu viluwiluwi na kuweka kila dimbwi kwenye ramani. Watakaokuja baadaye kudhibiti mazalia wataifuata ramani hiyo, na dimbwi aliloliruka halitatembelewa.

Asubuhi nyingine kazi ni ya mezani. Mitego ya taa imelala usiku kucha kando ya vitanda, mtu akiwa ndani ya chandarua, na saa kumi na mbili asubuhi imekusanywa. Mbu wameuawa kwa kugandishwa kwenye friza, wamemwagwa kwenye sahani nyeupe. Mwanafunzi anashika kibanio, anainamia hadubini, anatenga dume kwa papasi zake zenye manyoya mengi, kisha anaangalia miguu ya majike: yenye madoadoa huku, myeusi isiyo na madoa kule. Kila mbu anaingia kwenye kichupa chenye lebo, na lebo inaandikwa kwa penseli, kwa sababu spiriti ya kuhifadhia ikidondokea maandishi ya kalamu ya wino, yanafutika. Ukilipoteza jina la nyumba na tarehe, mbu yule hana tena thamani hata akiwa amebeba vimelea. Fundi aliyekaa naye meza moja anazichukua sahani kadhaa na kuzihesabu upya mbele yake. Namba zikitofautiana wanarudia wote wawili mpaka zilingane. Nimeona vijana waliofika wakiogopa hadubini wakifika mahali pa kumwambia fundi, kwa heshima na bila kutetereka, "Samahani kaka, huyu naona ana madoa," na fundi akakubali.

Fundi huyo nimemtaja makusudi. Barua ya chuo huja ikiwa na nafasi ya jina moja la msimamizi, na huwekwa mwenye shahada. Lakini hapa bondeni mwanafunzi analelewa na watu watatu. Mimi namsaidia kulielewa swali na kuyapima majibu yake. Fundi wa mitego na maabara, ambaye pengine aliishia kidato cha nne lakini ameona mbu maelfu kwa maelfu, anamfundisha mkono na jicho. Wa tatu ni mwenyeji wa kijiji, anayejua chemchemi iko nyuma ya mgomba wa nani, njia ipi inapitika na nani aombwe ruhusa kwanza. Watu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na nami ninaamini hivyo. Mwanafunzi anayesikiliza huwapa wenyeji nafasi ya kuyasema waliyoyaona kwa miaka mingi bila kuulizwa.

Kuna jioni moja tulikuwa Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe tunavuka bila kungoja kivuko, hivyo tulifika jua likiwa bado juu. Mwanafunzi wangu, binti wa mwaka wa tatu, alikuwa anafunga mtego chumbani kwa mama mmoja ambaye amekuwa akitukaribisha kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama. Naomba tusogeze kitanda kidogo, mtego ukae upande wa miguu."

"Marahaba mwanangu, sogeza. Ila niambie, hawa mbu mnaowachukua kwangu kila siku, mkishawahesabu mnanirudishia majibu lini?"

Binti alinitazama. Sikujibu, kwa sababu nyumba ile ilikuwa kwenye orodha yake. Akafikiri, akasema, "Ijumaa ya wiki ijayo, mama. Nitakuja mwenyewe." Wiki ile alifanya kazi kwa namna ambayo hakuna alama ya chuo ingeweza kumsukuma. Ijumaa alirudi na karatasi aliyoiandika kwa Kiswahili chepesi: mbu wangapi walinaswa, wa aina gani, wamepatikana wengi chumba kipi. Akaeleza pia kwamba vimelea vinatafutwa maabara na majibu yake yatachukua muda. Mama akaita jirani zake wasikilize. Mmoja akauliza kama kuziba uwazi kati ya ukuta na paa kungesaidia, wakajadiliana kwa muda mrefu. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza, na nilijivunia sana.

Malezi ya namna hii yana gharama, na gharama hiyo isipotajwa wanaoilipa ni wanafunzi. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, ila si kila mwanafunzi ni mnufaika. Asiye na ndugu Ifakara anahitaji chumba. Anayekwenda kwenye maji anahitaji buti. Nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi kijijini si fedha ya kumwachia kijana ambaye halipwi. Kwa kazi za jioni na alfajiri kuna utaratibu usiovunjwa: hakuna anayekwenda peke yake, mwenyekiti wa kitongoji ana taarifa, na binti anafuatana na mtumishi mwanamke. Muda wa mlezi nao uhesabiwe. Mtaalamu akiambiwa alee mwanafunzi juu ya majukumu yake yote ya kawaida, atasaini logibuku bila kulisoma, na sitamlaumu. Anayepaswa kumpunguzia mzigo ni mwajiri wake.

Ninawaomba wote wanaopokea vijana katika bonde hili, hospitali, halmashauri, viwanda vya sukari Kidatu, watafiti wa mpunga wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ifakara, na sisi wa mbu. Kabla ya kuijibu barua ya chuo, andikeni mambo matatu: kazi atakayofanya, mtu anayeisubiri, na siku atakayoikabidhi. Mkishindwa kuyajaza, mwambieni ukweli mapema atafute pengine. Nanyi wahadhiri mnaokuja kukagua, muulizeni mwanafunzi nani atayatumia aliyoyafanya, kisha mkamuulize mtu huyo.

Orodha yangu ya Julai ijayo imeshakamilika. Ina vijiji ambavyo maji yake ya kiangazi hayajachorwa kwenye ramani na nyumba ambazo zimeomba mrejesho. Kando ya kila kazi nimeandika jina la anayesubiri majibu. Mwanafunzi atakayefika ataonyeshwa jina hilo siku ya kwanza, na siku ya pili tutakwenda kumsalimia.