Chuma Kilichonyooshwa

Kileleshwa ya nyumba za bustani na ua wa michongoma inakwisha. Nyumba moja inabomolewa, muda si muda malori yanashusha vyuma. Mjengo ulio mkabala na dirisha langu ulikuwa ndio kwanza unatoka kwenye msingi wakati ajenti alinipa kazi ya kuuandikia tangazo. Ndiyo riziki yangu tangu niache uhandisi mwaka wa tatu, karo ilipokosekana: naandika chochote, nalipwa kwa neno.

Wiki hiyohiyo lori likirudi nyuma liligonga vyuma vya nguzo ya pembeni, vikalala. Nyapara akaamuru vinyooshwe. Fundi akachukua kipande cha bomba, akavirudisha kimoja kimoja. Kwa macho, vilikuwa sawa kabisa.

"Kimenyooka, lakini kijana, hicho si chuma kile tena," fundi aliniambia saa ya chai.

Mimi nilihitaji muhula mzima kuelewa hayo. Chuma ukikivuta kidogo kisha ukiachilie, kinarudi. Ukikivuta kupita kikomo, kinabaki kimerefuka. Tuseme kikomo ni megapaskali 500, nawe umekivuta hadi 550. Modeli rahisi inasema kimekomaa: ukikigandamiza sasa, nako kitastahimili 550. Johann Bauschinger alipima vyuma kule Munich miaka ya 1880 akakuta sivyo. Ukigeuza mwelekeo, chuma kinalegea mapema, hata kabla ya ile 500 ya mwanzo.

Miaka ya 1950 William Prager akasema: usikipanue kikomo, kisogeze. Upana wa 1000, kutoka 500 ya kugandamiza hadi 500 ya kuvuta, unabaki uleule ila unahama. Umevuta hadi 550? Basi ukigandamiza kitalegea kwenye 450. Mwaka 1966 Armstrong na Frederick, huko Uingereza, wakaongeza kitu ninachokipenda kuliko vyote: kusahau. Kadiri chuma kinavyozidi kunyooka na kukunjika, msogeo wa zamani unafifia, mpya unachukua nafasi. Programu za wahandisi bado zinatumia wazo hilo, zikirundika misogeo kadhaa pamoja kama alivyofanya Mfaransa Chaboche.

(Kama huamini, chukua klipu ya karatasi uikunje na kuikunjua hadi ikatike. Gusa ncha haraka, ina joto. Kazi ya vidole vyako iliishia humo.)

Sasa utaniuliza, jengo si linasimama tu? Tuko kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipiga Subukia. Tetemeko husukuma na kuvuta, kwenda na kurudi, na pale nguzo inapotoka kwenye msingi ndipo panapoumia zaidi. Ndipo hapohapo lori lilipokunja. Chuma hicho kitaingia kwenye mtikisiko kikiwa kimeshatumia sehemu ya uvumilivu wake, na hakuna jicho litakaloona.

Nikampigia ajenti, nikamuuliza kama mhandisi ameiona nguzo ile.

"Wee andika tu, buda. Kwani umekuwa injinia?"

Nikaandika lifti, maegesho, maji ya kisima, dakika chache hadi Westlands. Neno "imara" aliliomba mara tatu. Sikuliandika. Zege lilimwagwa Ijumaa.