Bumu limeishia studio

Juzi nusu ya bumu langu imeishia studio. Beti mbili, mdundo na miksi, basi. Nakula ugali maharage mpaka mwezi uishe, msinicheke.

Wimbo unahusu kwetu Mponde, kiwanda cha chai kilivyofungwa 2013 na wakulima wakabaki na majani shambani. Prodyuza kaniambia nitie kiitikio cha mapenzi ndo redio watapiga. Nikagoma. Professor Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu" 2001 kwa mistari ya maisha (sawa, yeye alishakuwa na jina).

Kesho nauza mwenyewe nje ya kantini, buku kwa kopi, mje na flashi zenu.

Jana usiku mama kapiga, anauliza hela ya vitabu imetosha? Nikamjibu imetosha, mama.