Nilikatwa tumbo, na mama mkwe sikumwambia

Wengi mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kuchungulia, nimefanya nini hata madera yangu yote yakawa kama ya kuazima. Leo nasema.

Nilipokuwa na miaka 36 nilikuwa na kilo 118, na urefu wangu ni sentimita 158 tu. Kwetu Unguja hayo hayahesabiwi kuwa maradhi. Mwanamke akinenepa baada ya harusi huambiwa amenawiri, mume anamtunza. Mama mkwe alikuwa akijivuna nami mbele ya wenziwe kama mtu aliyepata ng'ombe wa Idd.

Mwaka huo, katika tarawehe, safu yetu ya wanawake ilikuwa na viti vitatu vya plastiki nyuma. Viwili walikalia mabibi waliopita miaka sabini, cha tatu nilikalia mimi. Magoti yalikuwa hayakunji tena, nasujudu kwa kuinamisha kichwa hewani. Bibi mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umevunjika?" Nikamwambia sijavunjika. Akaniangalia, akanyamaza. Usiku ule nililia hadi daku.

Presha nilikuwa nayo tayari, na mwaka ule ule kipimo kikaonesha sukari. Mume wangu naye akaniambia jambo alilokuwa akilificha: usiku napumua, halafu nasita, mpaka anisukume. Mama yangu mzazi alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Njia ile naijua inakoishia.

Msidhani sikujaribu. Nimekunywa ndimu na maji ya moto, nimekunywa unga wa kijani wa kuuziwa kwenye simu (ulinipa kuharisha tu, na pesa ikaenda), nimetembea Maisara alfajiri na kikundi cha mazoezi mpaka viatu vikatoboka. Nikipungua kilo nane, narudisha kumi. Hadithi ya theluthi tatu, ya chakula, maji na pumzi, niliihifadhi chuoni tangu mtoto, na nilikuwa naweza kuieleza huku nina kitumbua mdomoni. Nikajiona sina imani.

Daktari aliyenifungua macho alinieleza kuwa mwili ukishazoea uzito mkubwa huupigania. Ukijinyima, homoni ya njaa hupanda na mwili hutumia nguvu kidogo zaidi, ndiyo maana wengi hurudi pale pale. Akanieleza oparesheni ya kupunguza tumbo la chakula: huondolewa kama robo tatu au zaidi, likabaki jembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa, kwa hiyo hupungua nafasi na hamu pia. Akasema wazi kwamba sehemu hiyo hairudishwi. Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, na vitamini nitameza maisha yangu yote. Nilipenda kwamba hakunipamba.

Nilimwendea ustadhi wa mtaani, maana lililonikera moyoni ni kama nabadilisha umbo aliloniumba Mola. Akauliza, "Daktari anasema ni la uzuri au la maradhi?" Nikamwambia la maradhi. Akasema basi hilo ni tiba, na tiba tumeamrishwa kuitafuta. Hakukaa hata dakika tano. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba.

Niliuza bangili zangu nne za harusi, kaka yangu aliyeko Muscat akaongeza, tukaenda India mimi na mume wangu. Mama mkwe nilimwambia nakwenda kutibiwa tumbo. Si uongo, lakini mnajua wenyewe aina hii ya ukweli.

Oparesheni yenyewe ni fupi kuisimulia: matundu matano madogo, na jioni ile ile wauguzi wakaniinua nitembee ili damu isigande. Kazi ilianza baadaye. Wiki mbili ni vitu vya majimaji tu, kwa kunywa kidogo kidogo kama ndege. Halafu vya kusagwa, halafu laini. Maji na chakula havikutani, unasubiri nusu saa. Unaanza na samaki, yai au choroko, wali ukibaki na nafasi ndiyo unafuata, na kwa kawaida nafasi haibaki. Siku moja nilikula haraka kwa sababu ya njaa ya macho, tonge la tatu likakwama kifuani, nikatoka mbio mezani. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka kwa mashada. Daktari alishaniambia, lakini kuambiwa na kuziona kwenye kitana ni mambo mawili.

Nilipasuliwa Mfungo Tisa, kwa hiyo Ramadhani ilinikuta sina hata miezi mitatu. Daktari alinikataza kufunga. Mtu hajui uzito wa ruhusa ya mgonjwa mpaka aitumie kisiwani kwetu, mahala ambapo mchana hata harufu ya chai ni aibu. Nilikuwa najifungia chumbani na kikombe changu cha supu. Mtoto wa wifi yangu akafungua mlango, akanikuta. "Mama mdogo anakula!" Nyumba nzima ilisikia. Mama mkwe hakusema kitu. Sikumweleza.

Kufika Mfungo Mosi nilikuwa nimeshuka kilo ishirini na mbili, na maneno yakaanza. Kwenye khitma moja nikasikia nyuma yangu, "Maskini, ana ugonjwa ule." Mwengine akasema hapana, ni husuda, amerogwa. Niliponenepa mpaka nikashindwa kusujudu hakuna aliyenionea huruma. Nilipoanza kupona ndipo nikaitwa maskini. Hili bado linanichoma, siwezi kuwadanganya.

Maneno yakamfikia mama mkwe. Akanijia jikoni, akafunga mlango, akauliza, "Mwanangu, una nini? Mwanangu wa kiume anacho pia?" Hapo ndipo nilipomwambia yote, bangili, India, tumbo la ndizi. Nilitegemea aniambie nimekufuru au nimefuata njia ya mkato, kama walivyosema baadhi yenu. (Anayeiita njia ya mkato aje anywe supu wiki mbili huku anapika biriani ya watu kumi na wawili.) Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasema, "Na mimi kila siku nikikujazia sahani, ukiacha nadhani umechoka na chakula changu. Kwa nini hukunambia?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilidhani nikikataa mkono wake wa kupakua, nimemkataa yeye.

Sasa yapata miezi kumi na sita. Nina kilo 79. Vidonge vya sukari daktari ameniachisha, cha presha bado nameza kimoja. Damu napima kila baada ya muda kwa ajili ya chuma na B12. Maisara nakwenda siku nne kwa wiki, na magoti yananibeba. Ramadhani iliyopita nilifunga kwa idhini ya daktari, nikafuturu tende moja na nusu bakuli ya uji, nikaswali magharibi kabla ya kula kingine. Tarawehe niliswali kwenye mkeka. Yule bibi aliyeniuliza kama nimevunjika alikuwa kwenye kiti chake, akanishika mkono tukitoka.

Mama mkwe ananipakulia kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa. Kipande cha samaki, mchuzi kijiko kimoja, wali wa kuonja. Akija mgeni akashangaa, humjibu yeye, mimi naendelea kutafuna.

Siku nilizokula nazilipa Jumatatu na Alhamisi. Zimebaki kumi na moja.