Ringi za Honda ya Baba

Pikipiki ya baba ililazwa kwa kukosa ringi za pistoni, basi. Fremu nzima, gia nzima. Ilikuwa Honda CG125 aliyoinunua alipokuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika hapa Kimali, na msimu wa pamba ndiyo iliyopeleka hesabu Mwanhuzi. Ringi zilipolika ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Spea zilikuwa Mwanza, nazo za kubahatisha. Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, kazi ya baba ikanywea, na nauli ya kufuatia ringi ikakosa pa kutokea. Akaifunika turubai ndani ya ghala la mtama.

Mafundi wa wakati ule walikuwa watu wa kuzaa kitu kutoka kwenye kitu kingine. Gasketi walikata kwenye boksi gumu, wakiligongagonga kwa nyundo juu ya kingo za injini mpaka umbo litokee. Bushi walichonga kwenye soli za kandambili. Nawaheshimu mpaka leo. Ringi tu ndiyo iliyowashinda.

Kilichokuja kuiamsha ni bodaboda. Pikipiki za Kichina, SanLG, T-Better na nyingine, zilimiminika Usukumani, na nyingi zilibeba injini iliyoigwa kutoka CG. Honda waliitoa injini hiyo mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako kubadilisha oili hucheleweshwa na vumbi ni la kila siku: haina cheni ya taimingi, valvu zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Urahisi huo ndio uliofanya viwanda vya China viipende. Serikali ilipotunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, pistoni na ringi za aina hiyo zilikuwa zimekwisha kufika kwenye vibanda vya Mwanhuzi na Bariadi, zimening'inizwa ndani ya vifuko vya nailoni kama bidhaa yoyote.

Tuliitoa ghalani mwaka 2012, mwaka ule Simiyu ulipokuwa mkoa. Fundi alikuwa kijana wa kijiweni. Aliinua turubai, akaitazama injini, akasema, “Mzee, kumbe huyu ndiye baba yao hizi zote!”

“Basi wanawe wamlishe,” baba akajibu.

Nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo wa mbuga ndani ya ekzosi, na panya walikuwa wamezalia kwenye kichujio cha hewa. Tangini kulibaki utomvu wa kahawia unaonuka rangi ya mlango, mabaki ya petroli ya enzi ya risasi, iliyokoma kuuzwa huku kwetu kufikia 2006. Tuliosha tangi kwa maji mazito ya ukwaju na cheni kuukuu ya baiskeli, tukalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, kisha tukalisuuza kwa dizeli lisishike kutu upya. Pistoni ilikuwa imeganda. Fundi alitoa plagi, akamimina oili, akaiacha ilale. Kisha akaweka gia ya juu na kuliyumbisha gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma, hadi likakubali. Kwenye kabureta alikataa kabisa waya. Jeti ndogo aliizibua kwa petroli safi na pampu ya baiskeli, akisema tundu likitanuka hata kidogo injini haitatulia tena. Kijana yule hakuwahi kuchonga bushi, lakini subira ya wazee wale alikuwa nayo, na hilo lilinifurahisha kuliko ringi zenyewe.

Silinda, pistoni, ringi, kebo za klachi na breki, vyote vilitoka kibandani kwa siku moja. Ringi hizo zimelika haraka kuliko zile za Kijapani, nasi tumezibadilisha tena. Mdogo wangu anaipanda kwenda kusaga. Siku hizi vijiwe vimejaa Boxer na TVS, ambazo injini zake ni nyingine kabisa, na vile vifuko vya CG vinapungua vibandani. Nimenunua silinda nzima na pistoni yake, nimevipaka grisi na kuvifunga kwenye gunia, viko kwangu.