Mlio Usiotoka Nje

Mlio wangu wa masikioni ni mwembamba, mfano wa nyenje asiyechoka. Mchana humezwa na mashine ya kusaga ninayoiendesha hapa Morogoro. Usiku, nyumba ikishatulia, unatawala chumba kizima. Usingizi ulinihama, nikawa mkali kwa watoto bila sababu. Jirani alisema nimetupiwa kitu. Mwingine akaniletea mafuta ya kitunguu saumu nidondoshe sikioni. Mimi moyoni niliogopa uvimbe kichwani.

Kilichonituliza si dawa, ni karatasi. Mtaalamu wa usikivu alinifungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, nimevaa hedifoni, nibonyeze kitufe kila nikisikia kitu. Majibu yangu yakachorwa mstari kwenye karatasi hiyo. Kwenye sauti nzito mstari ulinyooka vizuri. Ulipofika hezi 4,000 ukaporomoka, kisha ukapanda kidogo kwenye 8,000. "Hapo ndipo kelele za kazi zinapouma," akaniambia. Akanichorea konokono wa sikio la ndani: sauti nyembamba hupokewa mwanzoni kabisa, na seli zenye vinyweleo za pale ndizo zinazotangulia kufa. Kwa binadamu hazioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka huko hukazana kusikiliza, hadi unasikia shughuli zake wenyewe. Tukalinganisha mlio wangu na sauti za kifaa chake, moja baada ya nyingine. Ukaangukia mlemle nilimopoteza.

Basi nikaelewa pia kwa nini mteja akisema madebe sita mimi nasikia tisa. Irabu ni nzito, zinafika. S na t ni nyepesi, zinazama kwenye ngurumo. Kumbe si kwamba watu wa siku hizi hawafungui midomo!

Hata mtunzi wa muziki Beethoven alimwandikia rafiki yake daktari, Wegeler, mwaka 1801, akilalamika kwamba masikio yanamvuma usiku na mchana, na kwamba akiwa mbali hasikii noti za juu za ala na waimbaji. Yote mawili katika barua moja, na mimi nilidhani nina magonjwa mawili.

Mlio haujaondoka, ila hofu imeondoka, na usingizi umerudi. Nalala na feni ikizunguka taratibu, maana kimya kitupu ndicho kinachoupa nguvu. Mteja namwomba anionyeshe idadi kwa vidole. Kijana ninayemfundisha kazi haisogelei mashine bila kinga za masikio. Analalamika zinamtoa jasho, na ni kweli zinatoa jasho.