Waamiaji wa Bahi

Kutoka Dodoma mjini kwa barabara ya Singida, Bahi si mbali. Mtama ulikuwa umekwisha toa masuke, na madungu yamesimama shamba hadi shamba. Kwenye dungu moja alikaa mama na wanawe wawili, wakiamia tangu alfajiri. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kupiga picha. Alikubali, ila macho yake hayakubanduka kwenye migunga.

Huko ndiko kwelea kwelea walikotokea. Debe likalia, makombeo yakavuma, kundi zima likainuka na kumwagikia shamba la jirani, ambako debe jingine lilipokea. Wapiga picha tunalipenda wingu lile linavyojipinda angani, nami nililipiga. Lakini picha ya namna hiyo inamsahau anayelala njaa. Nikageuza lenzi kwenye mkono wa mama: kiganja chenye sugu, kijiti kimekatika ncha kwa kupiga bati, na nyuma yake ndege wamebaki vidoa tu.

Mtoto alinionyesha dume lililonaswa: mdomo mwekundu, uso mweusi, uzito wa gramu 20 hivi. Ndege huyu hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Wakiwa milioni moja, hizo ni tani 10 kila siku, na makundi yao huvuka milioni.

Makundi makubwa hunyunyiziwa sumu ya fenthioni kwa eropleni jioni, yanaporudi kulala. Katika kazi hiyo lipo Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962. Sumu huokoa mavuno, sikatai. Ila bundi na vipanga wanaookota mizoga hufa pia, na ndege waliopuliziwa hawafai kuliwa.

Kondoa, kaskazini mwa mkoa huuhuu, Warangi wana ufundi wao wa siku nyingi wa kuwanasa kwelea kwelea kwa mitego. Ndege hukaangwa, wakaliwa nyumbani au wakauzwa. Pale mtego unapoweza kufanya kazi, mimi nausimamia huo kuliko sumu, kwa sababu mkulima aliyeliwa mtama wake anapata walau kitoweo na senti kidogo.

Wenzangu wenye kamera, msimu ujao njooni Bahi, mfike na Kondoa. Nanyi wenye dhamana ya kilimo, wapeni wakulima nyavu mapema, kabla masuke hayajakomaa.